Pazia la Ndege Lilivyofungwa Fundo

Watu wa Ukunda wakisikia kwamba niliwahi kupanda ndege ya kwenda Ulaya nikakaa mbele, kwenye viti vya matajiri, huniuliza mambo mawili. Kwanza, je, ni kweli kiti kinalala kama kitanda? Pili, nilikula nini? La tatu hawaniulizi kwa mdomo, huniuliza kwa macho: mtu kama wewe ulifikaje huko?

Nitajibu yote. Kiti hakikulala mpaka chini. Viti vya miaka ile viliegemea nyuma mpaka ukaitazama dari, na chini kikachomoza kibao cha kuwekea miguu. Nilikula mkate na siagi yao, pamoja na kipande cha samaki tasi wa kukaanga aliyevuliwa Mkwiro. Na nilifika huko kwa tiketi, kama wengine wote. Safari ilikuwa ya muda wa saa nane na nusu. Kiti changu nilikikalia muda usiozidi saa tatu, kisha nikaenda kukaa nyuma ya pazia mpaka tulipotua. Sikufukuzwa. Nilitoka mwenyewe, na sikuomba radhi wakati ule wala siombi leo.

Shule niliiacha darasa la sita. Haikuwa kwa sababu ya karo. Mwalimu alikuwa akifundisha jambo moja juma zima, na mimi nilikuwa nimeshalielewa Jumatatu. Baada ya hapo nilifua mashuka hotelini Diani, nikavua pweza Kibuyuni, nikakaa msimu mzima Mkwiro kwa wajomba zangu bila sababu yoyote isipokuwa kutaka kujua wanaishije. Mwisho nikawa mtu wa ufukweni Galu, nikiwatembeza wageni kwenye mwamba maji yakitoka. Huko nilijifunza Kijerumani cha mchangani, lugha isiyo na sarufi lakini inayomfikisha mtu anakokwenda.

Hoteli moja pale Galu ilikuwa imefunga kamba juu ya mchanga, kutoka mti hadi mti. Upande wa juu wa kamba ni kwa wageni, wa chini, karibu na maji, ni kwetu. Meneja wake, Mzungu aliyeishi pwani miaka mingi na kukijua Kiswahili cha kutoa amri, alikuwa akitoka kila asubuhi kuikaza. Kila asubuhi nilimwamkia nikiwa chini ya kamba, naye alinijibu akiwa juu yake. Mkumbukeni mtu huyu, maana atarudi.

Dada yangu wa pekee alikuwa ameolewa na Mjerumani na kwenda kuishi kwao. Mwaka huo akapata mimba yake ya kwanza, na Mama akaanza kutengeneza mambo yake mapema, kama desturi. Kwetu mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, na mzazi hakai peke yake siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na tumbo lake hufungwa kwa mkaja ili mwili urudi mahali pake. Mkaja wa Mama ulikuwa kitambaa kirefu cha marekani, pamba nyeupe, laini kwa kufuliwa, chenye harufu ya udi isiyotoka. Aliutumia kwa uzazi wetu sote watatu. Kabla yake aliutumia mama yake.

Viza ilichelewa. Dada akajifungua sisi tungali Msambweni. Siku ya tano akapiga simu kwa jirani yetu mwenye duka, Mama akaitwa mbio. Mimi nilisimama karibu, nikasikia sauti ya dada yangu ikitoka kwenye kile chombo, nyembamba.

"Mama, mume wangu amerudi kazini. Mkunga huja mara moja kwa siku, ananipima, anaondoka. Najiona kama nguo iliyotundikwa ukutani. Ndani hamna mtu."

"Unakula?"

"Nakula."

"Umefungwa tumbo?"

Dada akalia, na Mama akakata simu kwa sababu hakutaka watu wa dukani wasikie kilio cha bintiye.

Viza ilipotoka, ndege zilikuwa tabu. Wageni walikuwa wamepungua pwani, na ndege zikapunguzwa, na zile chache zilizobaki zikawa zinajaa pomoni. Shemeji aliambiwa viti vya nyuma havipo kwa majuma mawili. Vilikuwepo viwili mbele. Akavichukua, Mwenyezi Mungu amlipe, bila kutuuliza.

Kaka yangu mkubwa ni msomi, mtu wa ofisi. Alikuja nyumbani na viatu vyake vya kung'aa akaeleza kwa upole kwamba yeye ndiye anayefaa kumsindikiza Mama. Alijua Kiingereza cha barua. Mimi, alisema, ningemtia Mama aibu.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Wewe wajua kusoma," akamwambia. "Huyu ajua kuuliza. Huko niendako kila kitu kitakuwa cha kuuliza."

Ndivyo nilivyopata kiti.

Kwenye uwanja wa ndege wa Mombasa, mtu wa kwanza kutusimamisha alikuwa mtu wa kwetu wenyewe, mlinzi aliyevaa sare.

"Foleni ni ile kule, Mama."

"Yetu ni hii," nikasema. Yetu ilikuwa na zulia dogo jekundu na watu watatu.

"Hii ni ya watu wa biashara, ndugu yangu."

"Na sisi tuna biashara," Mama akajibu. "Twaenda kumfunga mzazi."

Mlinzi alizitazama tiketi, akamtazama Mama na kikapu chake cha ukindu, akazitazama tiketi tena. Hakusema karibu. Alisogea tu.

Sasa niwaambie wale wanaotaka kujua cha kutarajia. Tarajieni kuitwa kwa jina la ukoo mpaka mchoke. Tarajieni kitambaa cha moto kilichokunjwa, kinacholetwa kwa koleo kama kaa la kufukizia buhuri. Mama alifuta uso, mikono, kisha kwa utulivu akafuta meza, na msichana wa ndege akakipokea bila kukunja uso. Tarajieni kupewa bilauri ya mvinyo kabla ndege haijasogea.

"Ni nini hicho?" Mama akauliza.

"Mvinyo, Mama."

"Mwambie ahsante, ampe mwenye kiu."

Tarajieni mfuko mdogo wenye soksi, mswaki na kitambaa cha kufunika macho. Tarajieni vifungo ubavuni mwa kiti, na mimi nilivibonyeza vyote, kimoja baada ya kingine, kwa sababu kifungo kimewekwa kibonyezwe. Kimoja kilimwita msichana. Nikamwomba radhi, nikamuuliza kingine kinafanya nini, akanionyesha, nikamuuliza ndege inaruka juu kiasi gani, akaniambia, nikamuuliza huko nje kuna baridi kiasi gani. Alikuwa mtu mwema. Alikwenda kumuuliza rubani akaniletea jibu.

Na ng'ambo ya njia, kiti cha dirishani, alikuwa ameketi yule meneja wa kamba.

Aliniona wakati wa kuvua koti. Alilinganisha sura yangu na mahali.

"Wewe?" akasema. "Hapa?"

"Naam, mimi. Hapa."

"Unafanya nini?"

"Nimekaa. Na wewe je?"

Akacheka kwa pua, akafungua gazeti. Mama akaniuliza huyo ni nani. Nikamwambia ni jirani.

Chakula kilipoletwa, kwa orodha iliyochapwa kama kadi ya harusi, nilimuuliza msichana kama nyama ile imechinjwa kihalali. Akaenda, akarudi, akasema kwa kweli hajui. Tiketi zilikatwa kwa haraka, hakuna aliyekumbuka kutuagizia chakula cha halali. Mama hakukasirika. Aliweka kikapu magotini, akafunua, na harufu ya tasi wa kukaanga, ndimu na pilipili ikatembea kiti hadi kiti. Ukafuata mkate wa sinia na muhogo uliokauka vizuri.

Kwetu mtu hali mbele ya mwenziwe bila kumkaribisha. Hata awe adui. Mama akainama, akavuka njia kwa mkono.

"Karibu, baba."

Meneja akatazama sahani yake ya kaure, yenye nyama nyembamba na majani mawili. Akamtazama tasi. Huyu mtu ameishi pwani, jamani, msimsahau. Akachukua kipande kwa vidole na akakila mpaka mwiba.

Mambo yakawa mazuri kwa muda. Mama alivua viatu, akavaa zile soksi. Nilimwekea kiti vizuri, magoti yake yakapumzika. Nikaegemea mwenyewe na kutazama dari, nikamfikiria kaka yangu.

Adhuhuri ilipokaribia Mama akainuka kwenda kutia udhu. Wakati huo mtoto mchanga alikuwa akilia nyuma ya pazia. Alikuwa amelia tangu tulipoacha ardhi, kilio kikavu cha njaa, na watu wa mbele walikuwa wameshavaa vitu vya masikioni vya kuzuia kelele. Mama akasimama njiani, akasikiliza. Hakwenda chooni. Alikwenda kwenye pazia.

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu baadaye tulishtakiwa kwamba tulifanya kusudi. Katika nyumba zetu mchana mlango wa mbao haufungwi. Mlango una pazia. Likining'inia, unasimama nje ukabisha hodi, ukijibiwa unaingia. Asubuhi, nyumba ikishafagiliwa na watu wamevaa, pazia hufungwa fundo katikati, upepo upite na jirani apite. Mama alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sitini na hakuwahi kuona pazia lenye kazi nyingine. Lile la ndege aliliona la nyumba, kama mapazia yote.

"Hodi," akasema.

Hakuna aliyejibu.

"Hodi humu."

Sauti ya mwanamke, iliyojaa machozi, ikajibu bila kufikiri, "Karibu."

Mama akalifunua akaingia.

Alipotoka alikuwa na mwanamke kijana aliyebeba mtoto wa siku thelathini na tano. Mtu wa bara, kwa matamshi yake. Alikuwa mhudumu wa hoteli Diani, na sasa alikuwa akimpeleka mtoto kwa baba yake. Safu yake ilikuwa ya kwanza nyuma ya pazia, kiti cha kati, mzee akikohoa kulia na mwanamke aliyeungua jua kushoto. Wote wawili walikuwa wameshamwambia amnyamazishe.

"Maziwa imekataa kutoka," alikuwa akisema. "Mgongo nayo inaniuma vibaya. Mama, mimi nimechoka tu."

"Arobaini haijatoka nawe u njiani? Nani alikufunga tumbo?"

"Kufunga aje?"

Mama alifumba macho, akayafumbua. "Mamako yuko wapi?"

"Ocha, huko kijijini. Hakuweza kuja."

Kisha Mama akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ile ya nyumbani, isiyo na swali ndani yake.

"Inuka, mwanangu. Mpishe mzazi."

Nikainuka. Natamani niseme nilifikiri kwanza, lakini mtu wa kwetu akiambiwa ampishe mzazi huinuka, na kufikiri hukuta amekwisha simama. Yule mwanamke akaketi kwenye kiti changu, nikambonyezea kifungo cha miguu. Mama alitoa mkaja kutoka chini ya kikapu. Nilimwona akiushika kitambo, akiunusa, kabla hajaukunjua.

"Mama," nikasema, "huo ni wa dada."

"Dadako ataukuta."

Wakaingia wawili katika choo cha mbele, mimi nikabaki na mtoto mikononi. Ndani nilimsikia Mama akisema vuta pumzi, toa, vuta tena, na mwanamke akiguna. Walipotoka alikuwa amesimama wima kama mtu mwingine. Mama akaomba maji ya moto, msichana akaleta akidhani ni ya chai, na Mama akatia uwatu, zile mbegu chungu zinazoleta maziwa, akamnywesha kikombe kizima. Uwatu haufanyi kazi kwa dakika kumi, najua. Pengine ulikuwa mgongo, pengine kukaa chini, pengine kuitwa mwanangu na mtu. Mtoto alinyonya. Kilio kikakatika.

Ndipo akaja mkuu wa wahudumu.

Alikuwa mwanamume mrefu, nadhifu, na alianza kwa adabu. Abiria huyu si wa hapa. Alimwomba arudi. Nikamwambia tumebadilishana, mimi nitakaa kwake. Akasema viti havibadilishwi baina ya madaraja. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ni kanuni. Nikamuuliza kanuni inalinda nini. Swali hilo si la ujeuri. Nilitaka kujua kweli. Uso wake ukakakamaa.

"Asemaje?" Mama akauliza.

Ufukweni kazi yangu ilikuwa kutafsiri kwa kulainisha. Mgeni akitukana, unatafsiri tabasamu. Mwenzako akitukana, unatafsiri mzaha. Siku ile sikulainisha kitu, huku wala huku.

"Asema mzazi arudi nyuma. Asema kiti ni chetu lakini si chetu kumpa mtu."

"Mwambie kichwa kimoja kimetoka, kimoja kimeingia. Ahesabu."

Nikamwambia. Akasema suala si hesabu.

"Mwambie, kwao mgeni akipewa kiti na mwenye nyumba, askari huja kumwinua?"

Nikamwambia. Akasema hii si nyumba.

"Mwambie basi amwamshe mtoto yeye. Mimi siwezi."

Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi. Abiria wote wa mbele walikuwa wametoa vitu vyao vya masikioni na kutusikiliza. Mkuu wa wahudumu akamgeukia meneja, kama anayetafuta shahidi, akamuuliza kama anasumbuliwa. Meneja alinitazama mimi. Nilijua anaiona kamba. Vidole vyake vilikuwa bado vinang'aa mafuta ya tasi. Akageuka dirishani, wala hakusema ndiyo wala hapana. Sijui kama ni samaki aliyemfunga mdomo. Nilichokiona ndicho hicho.

Mkuu wa wahudumu akaondoka, nami nikaenda nyuma kwenye kiti cha kati. Magoti yangu yalikutana na ukuta. Mzee alinikoholea. Pazia likafungwa mbele ya uso wangu.

Dakika moja baadaye mkono wa Mama ukatokea. Alilikusanya pazia lote, akalifunga fundo katikati, kama afanyavyo kila asubuhi Msambweni, akapenyeza kichwa.

"Nikuone," akasema.

Msichana mwema akaja akalifungua. Mama akalifunga. Akaja mwingine, akalifungua huku akieleza kwa Kiingereza. Mama alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akalifunga. Mara ya tatu alikuja mkuu mwenyewe. Mara ya nne hakuja mtu, na fundo likabaki. Kupitia pale nilimwona Mama akisali ameketi, na yule mzazi amelala na mtoto kifuani, na watu wa safu yangu nao waliona, kwa mara ya kwanza, viti vile vilivyo. Mwanamke aliyeungua jua alivitazama muda mrefu.

Kabla ya kutua mkuu wa wahudumu alichuchumaa karibu yangu na karatasi. Aliongea polepole ili nisikosee. Karatasi ilisema kwamba mimi na Mama tulikaidi maagizo ya wahudumu, kwamba tulimpa kiti abiria asiyestahili, na kwamba tunajuta. Tukitia sahihi, jambo litaishia hewani. Tusipotia, watu wa mpakani wataitwa mlangoni, nao wanaweza kumrudisha mtu alikotoka hata akiwa na viza.

Akanipa kalamu, akasimama kunisubiri.

Nilikuwa sijaogopa tangu asubuhi. Sasa niliogopa. Dada yangu alikuwa siku ya kumi. Ndani hamna mtu, alisema. Mama hakujua kusoma. Ningeweza kutia sahihi mbili pale pale, kimya, na asingejua mpaka kufa. Kaka yangu angetia. Angeiita busara, na pengine watu wazima wa mtaa mzima wangemuunga mkono.

Lakini Mama alinichukua mimi kwa sababu najua kuuliza. Nikainuka, nikaenda kwenye fundo la pazia, nikamsomea yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, pamoja na la kurudishwa.

Mama alimtazama yule mzazi, kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

"Tulikaidi?" akauliza.

"Tulikaidi."

"Kiti tulimpa?"

"Tulimpa."

"Hayo ni kweli, nitayatia dole. Na hilo la kujuta, liko mstari gani?"

"Wa mwisho."

"Lifute."

"Mama, wanaweza kukurudisha."

"Wakinirudisha nitakuja tena. Nikimwambia dadako kwamba nilijutia kumpisha mzazi, yeye nitamfunga kwa mkono gani?"

Nikaweka karatasi ukutani, nikaupiga mstari wa mwisho mistari miwili, minene. Mama akapaka wino wa kalamu kidoleni, akatia dole. Mimi nikaandika jina langu kwa hati yangu ya darasa la sita. Mkuu wa wahudumu aliipokea, akasoma, na nadhani alitaka kucheka au kulia. Hakufanya lolote. Aliikunja.

Wakati wa kutoka yule mzazi alianza kuufungua mkaja chini ya blauzi yake, huku watu wakimpita na mizigo. Mama akamshika mkono.

"Haufunguliwi njiani."

"Lakini ni wako, Mama."

"Zimebaki siku tano. Zimalize. Kisha uufue, uutunze, uje umfunge na huyu akikua." Akamgusa mtoto wa kike kichwani. Sikuwa nimejua ni wa kike.

Watu wa mpakani walikuwepo kweli, wawili, wenye sare, mwisho wa daraja la kutokea ndegeni. Tulikalishwa katika chumba kidogo chenye viti vya plastiki. Ofisa mmoja alisoma karatasi, akaweka kidole penye mistari yangu miwili.

"Nani amefuta?"

"Mimi. Mama ameagiza."

"Kwa nini?"

"Si kweli, ndiyo maana."

Aliuliza tunakwenda wapi, kwa nani, kufanya nini. Nikamweleza mkaja kwa Kijerumani changu cha mchangani, kwa mikono zaidi kuliko maneno, nikijifunga tumbo mwenyewe mbele yake. Alimpigia shemeji simu. Alitoka, akarudi, akatoka tena. Ilikuwa zaidi ya saa moja na nusu, na muda wote huo Mama alikaa wima, kikapu magotini, soksi za ndege miguuni ndani ya viatu vyake. Mwisho ofisa aligonga mihuri miwili. Hakutuaga. Karatasi aliibakisha mezani, na sijui iko wapi leo.

Jioni ile tulifika kwa dada yangu, ghorofa ya tatu. Alikuwa mweupe wa uso, nywele hazijasukwa. Alimwangukia Mama shingoni, wakakaa hivyo. Kisha akajitoa, akafunua kikapu kama alivyokuwa akifanya udogoni, akakipekua mpaka chini.

"Mkaja uko wapi?"

"Una mtu," Mama akasema.

Dada akanitazama mimi. Nikamweleza. Hakufurahi. Msidhani alifurahi. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba siku kumi amelala akiwaza kitambaa kimoja tu duniani, nasi tumempa mtu tusiyemjua hata jina. Alikuwa na haki. Hakunisemesha siku mbili.

Mama hakujitetea. Alivua leso aliyosafiri nayo, ya juu, yenye jasho la Mombasa na harufu ya tasi na ya ndege. Akaishika pembe, akaipasua kwa meno, akairarua urefu mzima vipande viwili, akavifunga ncha kwa ncha. Akamwongoza dada chumbani na kuusukuma mlango, mlango wa mbao, mzito.

Nilibaki nje na shemeji, kila mmoja akimtazama mwenziwe. Ndani nilisikia vuta pumzi, toa, vuta tena. Dada akalalamika kwamba inabana. Mama akamwambia ndiyo kazi yake.

Nikabisha. "Hodi."

"Ngoja," Mama akajibu.

Nikangoja. Katika safari ile yote, huo ndio mlango pekee niliokubali kungoja nje yake.